Maswali ya Wasomaji: Jikaze Mpaka Lini?

Barua za mwezi huu zimetoka sehemu mbalimbali lakini zinalalamikia jambo moja: mwanamke anaumia, na kila anayemgeukia anamwambia ajikaze, avumilie, ashukuru. Tumechagua tano. Majina tumeyaacha kwa ombi la waandishi wenyewe. Wanaojibu ni mshauri nasaha na muuguzi mkunga.

Baba alifariki mwezi wa tatu. Mimi ndiye binti mkubwa, kwa hiyo msiba wote niliubeba mimi: daftari la rambirambi, turubai, masufuria ya kukodi, wageni wa kulaza. Sikulia. Watu wakanisifu kwamba najua kujikaza. Sasa ni mwezi wa nane. Nina donge kooni, hospitali wamepima hawajaona kitu, na wiki iliyopita machozi yalinitoka ndani ya daladala kwa sababu abiria mmoja alivaa kofia kama ya baba. Nyumbani tuko saba kwenye vyumba vitatu. Nitaanzaje kumlilia mtu aliyezikwa miezi mitano iliyopita? – Binti mkubwa, Tanga

Pole sana, dada. Wakati wenzako wanaomboleza wewe ulikuwa kazini, na sasa ndiyo zamu yako. Hujachelewa.

Tuanze na donge. Misuli ya koo hukaza mtu anapozuia kilio, na akizoea kuzuia, hukaza hata pasipo kilio. Umefanya vizuri kupimwa kwanza. Ikitokea chakula kinakwama au kinauma kukimeza, unapungua uzito, au sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu, rudi hospitali, usituandikie sisi.

Kofia nayo ina maelezo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele hazikukoma. Walipokuja kuruhusiwa kumfikiria, aliwajia kwa wingi kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Ukilifukuza jambo mchana kutwa, akili inabaki ikililinda mlangoni, na kofia ya mtu usiyemjua inatosha kulifungulia.

Cha kufanya ni kuupa uchungu saa yake. Dakika 20, mara tatu au nne kwa wiki. Nyumba ya watu saba haikosi upenyo: alfajiri kabla jiko halijawashwa, bafuni maji yakitiririka kwenye ndoo, makaburini, au njia ndefu ya kurudi kutoka sokoni. Usichague saa ya kulala, utakesha nao. Wala usichague dakika kumi kabla ya kwenda kazini.

Tega kengele ya simu, kisha ilaze simu kifudifudi. Kaa, nyayo zote mbili zikanyage chini. Shika kitu kimoja cha marehemu, kimoja tu; sanduku zima la nguo zake ni la siku nyingine. Usianze kwa kumfikiria. Anza na mwili: kinachouma kiko wapi? Kooni, kifuani, tumboni? Kinabana, kinachoma, kizito? Kaa hapo hapo kwa pumzi kumi hivi bila kutaka kiondoke. Halafu kipe jina, na liwe jina mahususi. “Najisikia vibaya” haitoshi. Ni kihoro? Ni hasira kwa ndugu aliyekuja na maneno mengi na mchango mdogo? Ni majuto kwamba jioni ile hukwenda kumwona? Au ni nafuu, kwa kuwa kuuguza kulikuchosha? Hii ya mwisho ndiyo wanawake wanayoificha kuliko zote, na haipunguzi hata chembe ya mapenzi uliyokuwa nayo kwake. Litamke kwa sauti ya chini: “Nina uchungu kwa sababu…” na umalizie. Machozi yakija, yaache. Yasipokuja, kazi imefanyika vilevile. Kulia si mtihani. Kengele ikilia, nawa uso, kunywa maji, shika kazi ya mikono kama kuchambua mchele au kufua.

Mambo haya huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza, na ndiyo inayowapata wengi, ni kuhama kutoka kwenye hisia kwenda kwenye kesi. Ukijikuta unasema “ningempeleka hospitali mapema, ningemzuia asisafiri”, tayari umetoka kwenye uchungu umeingia kwenye mawazo, na mawazo ya hivyo hayana mwisho. Mtu anaweza kukaa nayo saa tatu akainuka mzito kuliko alivyokaa. Jiulize tu: koo likoje sasa hivi? Swali hilo hukurudisha. Ya pili ni kilio cha kwikwi kinachokufanya uheme haraka mpaka midomo na vidole vinaanza kufa ganzi na kichwa kinazunguka. Si kiharusi. Umetoa hewa ukaa nyingi mno. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, kwa dakika tatu. Ya tatu inawahusu waliopitia ubakaji, ajali au vita: picha za tukio zikija kama vile linatokea sasa, acha zoezi, fumbua macho, taja vitu vitano unavyoviona chumbani, na kazi hii uifanye mbele ya mshauri, usiifanye peke yako.

Kama kweli hupati hata kona, andika. Njia hii imejaribiwa Marekani tangu 1986 na James Pennebaker na wenzake: dakika 15 hadi 20, siku tatu au nne mfululizo, unaandika kinachouma bila kujali herufi wala mpangilio. Ukimaliza, karatasi ichane au ichome, hasa kwenye nyumba ya watu saba. Siku ya kwanza na ya pili utainuka mzito, hiyo ni kawaida. Ikiwa siku ya nne unarudia sentensi zilezile za siku ya kwanza, acha kalamu, tafuta mtu.

Mtu huyo si lazima awe daktari. Mwaka 2006 daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare na kuwasikiliza wagonjwa wa mawazo. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Bibi hatoi mawaidha. Anamwacha mtu aseme yote, wanayapanga matatizo yake, anamsaidia kuchagua moja la kushughulikia, kisha wanakutana tena. Wewe unaye shangazi au mama mdogo wa namna hiyo? Mfuate na umwambie mapema: “Shikamoo shangazi, nataka unisikilize nusu saa, sitaki ushauri leo.” Usipotanguliza hayo, ujue “jikaze” iko njiani.

Ukishindwa kula, kulala au kufanya kazi kwa zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uulize huduma ya afya ya akili. Ukitamani kumfuata baba, nenda siku hiyohiyo na mtu wa kukusindikiza.

Wifi yangu hunikopa kila mwezi na harudishi. Nikisema, naitwa mkali. Nikinyamaza, kichwa kinauma na ninapigia watoto kelele kwa sababu ya kikombe. Mama alinifunza kwamba mwanamke mwenye hasira hubomoa nyumba. Hii hasira niipeleke wapi? – Nakuru

Hasira yako ina hoja: pesa hazirudi. Kilichoharibika ni kwamba imewapata watoto badala ya mdaiwa.

Kwanza mwili upoe. Moyo ukidunda, usipige simu, usitume ujumbe. Tembea, osha vyombo, panga kuni, angalau nusu saa, na muda huo usiutumie kutunga maneno ya kumwambia. Wapo wanaoshauri upige mto au uvunje sahani kuukuu. Brad Bushman alilipima hilo Marekani, matokeo yakachapishwa 2002: waliopiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi waliishia na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya tu. Kumsimulia shoga yako kwa saa mbili nako ni kupiga gunia, ila kwa mdomo.

Pengine umefikiria pia kumsema kwa kupandisha ‘status’ ya WhatsApp. Wanawake wa pwani wamesema kwa kanga na kwa mipasho ya taarabu mengi ambayo mdomo haukuruhusiwa kuyasema, na wamesema kwa ufundi. Lakini kwa deni haifai. Wifi atajifanya si yeye, na wengine watatu wasiohusika watajiona wao.

Ukishapoa, mwite faraghani umwambie vitu vitatu tu kwa mpangilio huu: jambo, hisia, ombi. Mfano: “Wifi, tangu Januari nimekutumia shilingi elfu nane na sijarudishiwa. Nimeudhika, na naona kama nadharauliwa. Naomba elfu mbili kabla ya tarehe tano, na mpaka hapo sitatuma nyingine.” Ishia hapo. Wengi huharibu kwa kuanza na “samahani, labda ni mimi tu”, kwa kucheka wanapotaja kiasi, au kwa kuingiza “kila siku” na “nyinyi ukoo wenu”, maana hapo mjadala utakuwa wa ukoo na deni litasahaulika. Kosa jingine ni kutaja hatua ambayo huna nia ya kuichukua. Kama utatuma tena mwezi ujao, usiseme hutatuma.

Atakasirika. Atasema umebadilika, umeringa, pengine atampigia kaka yake. Kwa hiyo mume wako asikie kutoka kwako kwanza. Usijibu kila neno. Rudia sentensi ya mwisho, basi. Kukasirikiwa kwa siku kadhaa ndiyo gharama yake, na ni afadhali uijue mapema ili isikurudishe nyuma.

Kwa watoto, sema wazi: “Mama amekasirika, si kwa sababu yenu. Nipeni dakika kumi.” Na lile la kikombe, waombe radhi.

Angalizo moja zito. Maneno haya ni ya mahali ambapo baya la mwisho ni kununiana. Kama mtu unayemkasirikia hupiga, hutishia au huficha vitambulisho vyako, usimweleze hisia zako wala mipango yako. Huo ndio wakati wa hatari zaidi. Kenya piga simu ya msaada, 1195. Tanzania nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.

Nimejifungua wiki tano zilizopita, mtoto mzima, wa kiume. Wageni wakija natabasamu, wakitoka nalia. Wakati mwingine namtazama mtoto naona kama wa mtu mwingine. Nilimwambia mama, akasema “wenzako wanatafuta hawapati”. Je, mimi ni mama mbaya? – Mbeya

Hapana, mama. Na ni kweli kwamba kuna wanaotafuta wasipate, ila maneno hayo kwako yameongeza mzigo wa hatia juu ya mzigo wa huzuni, na mdomo yakauziba.

Tofautisha mambo matatu. La kwanza ni kilio cha siku za mwanzo: huanza kati ya siku ya pili na ya tano, homoni zikishuka kwa kasi, na huisha chenyewe ndani ya wiki mbili. Wewe umekwisha kupita hapo. La pili ni sonona ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ambayo haiishi kwa kupewa moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 13 katika kila 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, zaidi sonona, na katika nchi kama zetu ni karibu 20. La tatu ni adimu, mama mmoja au wawili katika 1,000: kuchanganyikiwa ghafla, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Dalili zake ni kutolala hata mtoto akilala na bado una nguvu za ajabu, kusikia sauti, kuamini mtoto amebadilishwa au kuna anayetaka kumdhuru. Hilo ni la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, na mama asiachwe peke yake na mtoto. Familia nyingi huanzia kwa mganga, na siku zinazopotea huko ndizo zinazoleta maafa.

Wiki ijayo unampeleka mtoto chanjo ya wiki ya sita. Itumie safari hiyo. Andika kwenye karatasi ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ukifika dirishani utatabasamu kwa mazoea na kusema “tuko salama”. Andika hivi: “Na mimi nina shida. Nalia kila siku tangu nijifungue. Nalala saa (taja ngapi). Sifurahii kitu.” Mpe muuguzi karatasi. Huenda ukaulizwa maswali kumi yanayohusu siku saba zilizopita, kipimo kilichotungwa Edinburgh mwaka 1987. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na 13 kwenda juu kati ya 30 huonyesha unahitaji kuangaliwa kwa karibu. Swali la kumi ni la kujidhuru, nalo huangaliwa peke yake hata jumla ikiwa ndogo. Jibu ukweli. Omba pia wapime wingi wa damu, na ikiwezekana tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi polepole huleta uchovu na huzuni inayofanana kabisa na hii. Usiogope kwamba dawa zitakuachisha kunyonyesha. Zipo dawa za sonona zinazotumiwa na wanaonyonyesha. Sema tu kwamba unanyonyesha.

Nyumbani, kabla ya kitu kingine chochote, tafuta usingizi wa saa nne au tano mfululizo. Mnyonyeshe saa tatu usiku, kisha mtoto achukuliwe na mume au mama mpaka saa saba, na akiamka apewe kwa kikombe maziwa uliyokamua. Maziwa hayo yanakaa saa nne bila friji kwenye chumba kisicho na joto kali, kwa hiyo kamua usiku huohuo ukikaribia kulala na uyafunike. Mgeni akija kutazama mtoto mpe nepi za kufua. Wengi wanataka kusaidia wasijue waanzie wapi.

Na kuhusu kumwona kama wa mtu mwingine: usijilazimishe kumpenda kwa siku maalumu. Mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, mara moja au mbili kwa siku, bila kujidai hisia yoyote. Ukimaliza, jiambie ukweli, hata kama ni “leo sikuhisi kitu”. Kwa akina mama wengi mapenzi huja polepole, na huchelewa zaidi yakisindikizwa na vitisho.

Niko eda ya kufiwa na mume. Nimeambiwa kulia ni kupinga kadari ya Mungu. Ni kweli? – Mombasa

Si kweli. Mtume (SAW) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, na alipoulizwa akasema jicho latoa machozi na moyo wahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe ya kulalamikia kadari, kujipiga na kuchana nguo. Wasomaji Wakristo wanaoulizwa swali kama hili wafungue Yohana 11:35, kisha wasome habari za Hana katika 1 Samweli, aliyesali kwa uchungu mpaka kuhani akadhani amelewa. Una miezi minne na siku kumi ambazo dini yenyewe imekutengea, isipokuwa kwa mjamzito, ambaye eda yake huisha anapojifungua. Anayekuharakisha, mkumbushe hesabu hiyo.

Nafanya kazi za ndani hapa Muscat, mwaka wa pili sasa. Mwanangu wa miaka minne yuko Moshi kwa mama. Juzi kwenye simu alimwita bibi yake “mama”, mimi akaniita kwa jina. Nilikata simu. Namwonea wivu mama yangu mzazi anayenilelea bure. Naona aibu hata kuandika. – Muscat

Hapo kuna vitu vitatu umevifunga pamoja: wivu wa nafasi yako kukaliwa na mwingine, aibu ya kuwa na wivu huo, na shukrani. Ukivifungua utaona kila kimoja ni halali na hakuna kinachofuta kingine. Anayeumia zaidi ni yule anayeiacha aibu ijibu kwa niaba ya vyote, akaanza kupiga simu kwa nadra, au kutuma vitu badala ya sauti.

Mtoto wa miaka minne humwita mama yule anayemwogesha na kumlisha. Hajachagua. Usimsahihishe ukiwa unalia. Atajifunza kwamba simu yako ni ya huzuni na atakimbia. Panga siku mbili au tatu kwa wiki, saa ileile, ukikumbuka Muscat iko mbele kwa saa moja. Dakika kumi zinamtosha. Kila simu iwe na kitu kilekile: hadithi fupi, kuhesabu meno, au kitendawili. Siku za katikati mtumie hadithi kwa ujumbe wa sauti ambao bibi atamwekea kabla ya kulala, naye bibi mwenyewe awe anamwambia “sasa tunamsikiliza mama”.

Baada ya simu usirudi jikoni papo hapo. Kaa chumbani kwako dakika tano, mkono kifuani, useme kimoyomoyo kilichopo, kwa jina lake. Uamuzi wowote mkubwa, kama kuvunja mkataba au kumhamishia mtoto kwa ndugu mwingine, usiufanye siku ya simu mbaya. Upe siku tatu, kisha uutazame tena ukiwa umekula na kulala.

Kwa mama, mpigie wakati mtoto amelala: “Mama, nakushukuru kwa kunilelea. Juzi nilikata simu kwa sababu niliumia alipokuita mama. Sikukukasirikia wewe.” Kisha muulize mama mtoto ameshindaje.